Mgonjwa ni wa Nani?

Wazee wetu wa pwani walituachia methali mbili juu ya mgeni, nazo hazipatani. Ya kwanza yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi walimu twawafundisha watoto zote mbili, pengine katika juma moja, wala hatujasikia mtoto akiuliza ipi ndiyo ya kweli. Labda watoto wana akili kutupita, maana wajua ya kwamba methali ni kama nguo, kila moja ina siku yake ya kuvaliwa. Walakini liko swali ambalo methali hizi zote mbili haziligusi: mgeni akiugua siku ya tatu, kabla hajalishika jembe, je, ni mgonjwa wa nani?

Twaliuliza kwa kuwa lilitujia wenyewe shuleni, hatukwenda kulitafuta.

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilwa, ambacho jina lake hatutalitaja, mvulana wa darasa la tano aliitwa atoke darasani. Mama yake alikuwa katika zahanati, naye hakujua Kiswahili ila maneno ya sokoni: bei, maji, maziwa, kesho. Watu hao ni wafugaji, Wabarabaig, waliohamia huku na ng'ombe zao. Muuguzi alikuwa peke yake siku ile, na wagonjwa wamejaa barazani. Akatuma mtu kuomba mtoto aende awe mkalimani. Tukamruhusu mara moja. Tena, tuseme kweli, tulijivuna kidogo, kwa kuwa Kiswahili tulichomfundisha sasa kilimfaa mzazi wake. Akarudi baada ya saa moja, akakaa mahali pake, asiseme neno mpaka kengele ya mwisho.

Mama yule alipewa dawa ya tumbo. Usiku wa siku ya tatu alichukuliwa kwa pikipiki hali hajitambui, damu imemtoka nyingi, na mimba imeharibika. Mwenyewe alipona. Hapo ndipo mvulana alipotueleza yaliyotokea. Mama alikuwa na jambo la kike la kueleza, nalo kwa desturi zao, na kwa desturi zetu pia, mama halitamki mbele ya mwanawe wa kiume. Basi alilisema kwa mafumbo. Mwana naye, kwa haya, akayapunguza mafumbo yale tena, hata yalipomfikia muuguzi yalikuwa yamebaki neno moja tu: tumbo.

Nani alikosa hapo? Muuguzi aliuliza kama alivyofundishwa, akatibu alichoambiwa. Mama aliishika adabu ya mama. Mtoto aliishika adabu ya mtoto. Tukizidi kulichungua jambo hili, twaona ya kwamba kila mtu alitenda lililo jema kwa kadiri ya ujuzi wake, na nusura mtu afe. Sisi ndio tuliomtoa mtoto darasani bila kufikiri anakwenda kusikia nini. Neno hilo limetukaa moyoni, nalo ndilo lililotusukuma kuandika.

Watu husema kwamba shida hii ni mpya, imeletwa na wafugaji. Hatukubali. Pwani hii ya Kilwa na Lindi haijapata kuwa nchi ya kabila moja. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa biashara wenye watu wa namna nyingi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watumwa walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na wengi wa wale ambao hawakuvushwa baharini walikufa au walibaki papa hapa, wakawa wakazi, ingawa kwa muda mrefu waliitwa washenzi na watu waliojiita waungwana. Mwaka 1876 Askofu Steere alipita njia ya Lindi pamoja na watumwa walioachwa huru, akawaweka Masasi. Watu wale walikuwa wa makabila mbalimbali, hawana ukoo wa kuwazika wala shangazi wa kuwauguza; ikawabidi kuwa ndugu kwa kutaka wenyewe. Wahindi wenye maduka walikuja, na Waarabu, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Juu ya hao wako Wamatumbi, Wamwera, Wamachinga, Wangindo, Wayao na Wamakua. Msomaji akisimama asubuhi sokoni Lindi, atasikia Kiswahili kinatamkwa kwa namna kumi.

Kilichobadilika ni upesi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, kusini ilifungamana na Dar es Salaam, ambapo hapo kwanza masika ilitutenga kama kisiwa. Halafu, katika mwaka 2006 na 2007, Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, huko Mbeya, ili kuyanusuru maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa Mikoa ya Pwani na Lindi. Wasukuma, Wabarabaig na wengine walifika na mifugo katika nchi ya wakulima wa mihogo na ufuta, ambao wengi wao hawakupata kuishi na makundi ya ng'ombe kama hayo. Ugomvi ulitokea, na damu imemwagika pande zote mbili. Asiyetaka kulitaja jambo hili asijisumbue kuandika juu ya huduma, kwa maana watu wanaogombana shambani asubuhi ndio wanaoketi benchi moja zahanati mchana.

Sasa tuliangalie neno ambalo wengi hulitoa kuwa jibu. Husema, "Zahanati ni ya wote. Dawa ni ile ile, foleni ni ile ile, hakuna anayefukuzwa. Haki ni kumpa kila mtu sawasawa." Neno hili ni zuri, na twamshukuru Mungu kwamba katika nchi yetu lasemwa bila woga, kwa kuwa ziko nchi ambamo mgonjwa huulizwa rangi yake kwanza. Lakini natuulize: katika habari ya mama yule, nani alimnyima usawa? Alipewa foleni sawa, muda sawa, daftari sawa. Alichokosa ni sikio. Nasi darasani twalijua jambo hili vizuri. Mwalimu akiandika ubaoni kwa herufi ndogo, amewaandikia wote sawasawa, lakini mtoto mwenye macho mabovu hakuandikiwa kitu. Hakuna mwalimu mwema atakayesema, "Ubao ulikuwa wa wote."

Yuko atakayejibu, "Basi na wajifunze Kiswahili." Ni haki, na wajifunze, sisi ndio tunaowafundisha watoto wao. Kiswahili kimetufaa kuliko fedha. Walakini Kiswahili cha soko si Kiswahili cha maumivu. Hata bibi zetu wa Umatumbi, ambao wamenunua na kuuza kwa Kiswahili miaka sitini, wakishikwa na uchungu wa usiku hulia kwa lugha ya mama zao. Mtu akiumwa hurudi nyumbani kwa ulimi kabla hajarudi kwa miguu.

Tena masikio yakisikia vizuri, faida huwarudia watu wote. Mwaka 1952 uliingia ugonjwa katika nchi ya juu ya Wamakonde, pande za Newala: homa kali, na viungo vinauma hata mtu hawezi kusimama wima. Madaktari waliouchunguza, Robinson na Lumsden, walipoandika habari zake mwaka 1955, walichukua jina ambalo wagonjwa wenyewe waliutaja kwa Kimakonde, jina lenye maana ya kukunjamana: chikungunya. Leo daktari wa India au wa Brazil akimwona mgonjwa wa namna hiyo, hutamka neno la bibi wa Newala, hata kama hajui Newala ni wapi. Vivyo hivyo mwezi wa Julai 2022, watu wa Ruangwa waliposhikwa na homa na wengine wakatokwa damu puani, hofu ilikuwa kubwa, kwa maana wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikwisha kufa. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba ni ugonjwa wa leptospira, unaotoka katika mkojo wa wanyama kwa njia ya maji na udongo, watu waliambiwa jina lake ni homa ya mgunda, yaani ya shamba. Mkulima akilisikia hilo ajua mara moja ajilinde wapi.

Na kwa kuwa twasema juu ya majina, tutubu moja. Wabarabaig huku wote huitwa Wamang'ati. Sisi wenyewe tuliwaita hivyo shuleni, na kuliandika katika daftari, mpaka tulipojifunza ya kuwa neno hilo latokana na Kimasai, na maana yake ni adui. Basi kila asubuhi tulikuwa tukiita majina, na kwa mtoto mmoja twasema, adui, yupo? Naye ajibu, yupo.

Isidhaniwe kwamba mgeni katika zahanati ni mfugaji peke yake. Mwenyeji naye huwa mgeni pale. Pwani ya Lindi na Mtwara imeteswa sana na matende na mabusha. Kiini chake ni mdudu mdogo kama uzi achukuliwaye na mbu, na mbu yule wa mjini hupenda kuzaa katika mashimo ya vyoo na maji machafu. Kazi ya kugawa vidonge vya kingatiba kwa watu wote ilianzia Mafia mwaka 2000, ikaenea mikoani, na pwani yetu ni mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa ulikawia kuondoka. Kwa nini? Ziko sababu za mbu, lakini ziko za watu pia. Wengi hushikilia kwamba busha latokana na kunywa madafu mengi. Kwa hiyo husema, mimi sinywi madafu, kidonge cha nini? Wengine husikia uvumi kwamba vidonge huondoa uzazi. Tena iko haya. Mzee mwenye busha huvaa msuli mpana, hukaa mwisho wa jamvi, huacha kwenda shamba, na ugonjwa ambao mpasuaji angeuondoa kwa siku moja huuchukua miaka ishirini. Tulimwuliza mmoja, ambaye ni jirani na rafiki yetu, kwa nini haendi. Akasema, "Mwalimu, yule binti wa hospitali ni rika la mkwe wangu." Hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja.

Na yule binti wa hospitali, yeye ni mwenyeji wa wapi? Mara nyingi ametoka Kagera au Kilimanjaro au Mbeya. Amepangwa huku akiwa na cheti kipya na sanduku moja. Nyumba ya mtumishi haipo au yavuja. Hajui kula mtama. Hana mtu wa kumwambia usiku kwamba leo mtoto amemfia mikononi. Watu humwita mkali. Huenda ni mkali kweli, lakini ni ukali wa mtu aliye peke yake. Kumbe huyu ndiye yule mgeni wa methali ya kwanza, ambaye akija mwenyeji hupona. Nasi tumemfanyia ya pili: tumempa jembe siku ile ile aliyoshuka katika basi, tena tumempa shamba la watu watatu. Twajua kijiji kimoja ambacho wazee walimtafutia muuguzi wao nyumba karibu na ya mjane mmoja, wakampa na kuku sita. Yule amekaa miaka mingi. Twajua na vijiji ambavyo hubadilisha wauguzi kama misimu ya korosho.

Hapo zamani wazee wetu walikuwa na njia yao ya kuwafunga pamoja watu wasiokuwa ndugu, nayo ni utani. Vijana hudhani utani ni mzaha tu. Ni chama cha msaada, kilichokuwapo kabla ya chama chochote kuandikwa kwa karatasi. Mtu akifiwa, mtani huja bila kuitwa. Hushika jembe la kuchimbia kaburi wakati ndugu hawana nguvu. Huzuia jeneza mlangoni mpaka apewe chake, na wafiwa, hali wana machozi, hucheka. Afanya hayo kwa kuwa si ndugu, maana ndugu hawezi. Na tazama utani ulivyopatikana. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Yaani watu waliouana walipata njia ya kuzikana. Basi huenda wajukuu zetu watataniana na Wabarabaig juu ya ng'ombe na mihogo, na kuzuiana majeneza. Walakini mgonjwa wa leo hawezi kungoja wajukuu.

Twakumbuka pia jambo jingine la nchi hii, ijapokuwa ni la huzuni. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji, na watu wa makabila mengi wakayapokea, Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na wengine, wakaenda nayo mbele ya bunduki za Wadachi. Alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na vita iliendelea mpaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Maji yale hayakuzuia risasi hata moja. Lakini mtu anayetafuta namna ya kuwafikishia watu dawa ya kweli na ajiulize: dawa ile ilipitaje mipaka ya makabila upesi namna ile, bila gari wala redio? Ilichukuliwa na watu waliojulikana, ikaingia kila kijiji kwa mdomo wa mtu wa kijiji kile. Nasi leo tuna dawa zilizo kweli, nazo mara nyingine zalala rafuni mpaka zapitwa na siku, kwa kuwa aliyezileta hakujulikana na mtu.

Madaktari wa kwanza wa misheni walilijua neno hili. Leader Stirling, aliyefika Lulindi mwaka 1935, baadaye akafanya kazi Mnero, na mwishowe akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hata 1980, aliwafundisha wenyeji uuguzi ili waitende kazi pamoja naye.

Sasa iko nafasi mpya, nasi twaiona ni njema, ila ina mtego ndani. Mwezi wa Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa jamii, zaidi ya laki moja na elfu thelathini katika nchi nzima kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji, wachaguliwe na wananchi wenyewe katika mkutano. Kuchaguliwa na wananchi ndiyo haki. Lakini tuhesabu mikono. Katika kitongoji chenye nyumba nyingi za wakulima na maboma machache ya wafugaji, mikono itawachagua watoto wa wakulima wawili, mwaka huu na miaka yote, wala hakuna atakayekuwa amedhulumu. Hapo twarudi kwenye ubao wa herufi ndogo. Maoni yetu ni kwamba mahali kama hapo mmoja wa wale wawili atoke katika wale wachache, tena awe mwanamke, kwa sababu tuliyoieleza mwanzo. Na mkutano uyaamue hayo kabla ya kuinua mikono, kwa maana baada ya kuinua kila mtu atakuwa na mtu wake.

Tuliyasema haya katika mkutano mmoja, wala hatukushangiliwa. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, ng'ombe wao walikula ufuta wangu wote, nami sikulipwa. Leo wataka niwape na kazi?" Twakiri hatukuwa na jibu tayari. Ufuta ulioliwa ni ada ya shule iliyoliwa, na mtu aliyedhulumiwa hatibiwi kwa hotuba. Tulimwambia ya kwamba kesi yake ni ya haki na yapasa iamuliwe, na ya kwamba hatuoni ni kwa namna gani mwanamke akitokwa damu bomani ufuta ule utalipwa. Akaketi. Hakusema amekubali.

Mvulana yule sasa haitwi tena zahanati. Siku ya kufunga shule mama yake alikuja na kibuyu cha maziwa, akasimama mlangoni akatusalimu kwa Kiswahili kirefu kuliko kile cha sokoni, akataja tumbo, na damu, na miezi, kila neno mahali pake. Tulipomwuliza mtoto ni nani aliyemfundisha mama yake maneno hayo, alisema ni mama mmoja wa Kimatumbi, ambaye humpeleka zahanati na kungoja naye mpaka zamu yake ifike. Tulimfahamu mama huyo. Ni mke wa yule mzee wa ufuta, na kesi yao ingali barazani.